Marehemu dada ameniachia watoto watatu, kituo cha kanisa kinataka wasichana wawili: nisaini?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mkazi wa wilaya ya Pangani, ng'ambo ya mto upande wa Mwera. Mwaka jana dada yangu wa tumbo moja alifariki akaniachia watoto watatu: msichana wa miaka 13 aliye darasa la saba, mdogo wake wa miaka 8, na kitinda mimba wa kiume wa miaka 5. Baba yao alikwenda machimboni Geita, mwaka wa tatu huu hapatikani kwenye simu. Mume wangu anakata mkonge, mimi nakaanga samaki nauza, na tuna wanne wetu. Kuna kituo cha kanisa upande wa Korogwe kinacholea na kusomesha wasichana walio katika mazingira magumu. Walikuja mpaka nyumbani, watu wapole, wakasema watawachukua wasichana wote wawili na kuwasomesha mpaka chuo kikuu, wafadhili wapo Ulaya. Wavulana hawapokei. Wameniachia fomu. Imeandikwa kwamba watoto ni yatima wa baba na mama, na kwamba hatutawatoa kituoni mpaka watimize miaka 18. Mume wangu anasema ni bahati, tusiitupe. Bibi yao analia, anasema wajukuu zake watabadilishwa dini. Nisaini? Na nikisaini halafu moyo ukanigeuka, watanirudishia?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Nitangulize jibu, sababu zifuate: fomu hiyo usiisaini kama ilivyo. Sisemi kituo ni kibaya, na huenda yule mkubwa ikamfaa kwenda huko. Lakini karatasi yenyewe imeanza na jambo lisilo kweli, na mimi niliyefanya kazi ya ustawi wa jamii mkoani Tanga mpaka kustaafu nalitazama hilo kabla ya vitanda, kabla ya chakula, kabla hata ya shule.

Baba yao hajafa, hapatikani tu. Ukikubali aandikwe marehemu, hakuna mtu atakayemtafuta tena. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako anaweza kumwandikia mwenzake wa Geita, na akina baba hupatikana kwa njia hiyo. Wapo wasio na msaada wowote, na wapo wanaoona haya wakaanza kutuma pesa. Tena upande wa baba kuna shangazi, kuna babu, ambao pengine hawajui hata kwamba mkwe wao amefariki. Je, mliwaita kwenye arobaini? Anza na hao.

Halafu karatasi humfuata mtoto. Huyo binti wa darasa la saba akija kufika chuo na kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, anayejitaja kuwa yatima hudaiwa vyeti vya vifo vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Cheti cha mama yake mnaweza kukipata, na kama bado hamjakichukua nendeni mkakichukue. Cha baba kitatoka wapi? Na kuna lililo zito kuliko mkopo. Mtoto kuasiliwa na watu wengine, yaani kufanywa mtoto wao kisheria, ni amri ya mahakama, na mzazi aliye hai ana neno lake mbele ya mahakama hiyo. Mzazi akishaandikwa amekufa, sauti hiyo imezimwa. Sisemi hao waliokuja kwako wana nia hiyo. Mara nyingi sababu ni nyepesi tu: mfadhili aliye mbali huguswa upesi zaidi na mtoto aliyefiwa na wazazi wote wawili kuliko mtoto ambaye baba yake yuko machimboni. Hata hivyo uongo wa kheri ukiingia kwenye jalada la mtoto unabaki kuwa uongo, na atakayeulipia ni yeye.

Sasa tuje kwenye hitaji lenyewe. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta neno moja: kwamba watoto hawa wanapigwa, wanalala njaa, kuna mtu mzima pale nyumbani anayewasumbua, au wameshaachishwa shule. Sikuliona. Nilichokiona ni kaya yenye watoto saba na kipato kidogo. Huo ni umaskini, na umaskini peke yake si sababu ya kumtoa mtoto kwa ndugu zake. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, uliopitishwa mwaka 2009, unalisema hilo waziwazi, na Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka huohuo wa 2009 hapa kwetu inatanguliza maslahi ya mtoto na haki yake ya kuishi na wazazi au walezi wake. Kama kinachopungua ni sare, viatu na madaftari, basi vitafutwe sare, viatu na madaftari.

Ada ya shule za serikali iliondolewa mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, na kidato cha tano na sita zikafuata mwaka 2022. Najua, ada si gharama yote. Kuna michango ya chakula, kuna mitihani, kuna nauli. Ndiyo maana nakutaka uende kwa mtendaji wa kijiji uulize kaya yenu imesimama wapi kwenye TASAF, mpango wa kunusuru kaya maskini, ambao ruzuku yake inaendana na watoto kuhudhuria shule na kliniki. Kuongezeka kwa watoto watatu kumebadilisha hali ya nyumba yako, na jambo hilo lazima uliseme wewe, halitajisema. Uliza pia kwa afisa maendeleo ya jamii kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Asilimia 4 kati ya hizo ni za vikundi vya wanawake, na haina riba. Wanawake wakaanga samaki wa hapo mwaloni mkikaa kikundi, mna haki ya kuomba.

Na hapo hapo kiulizeni kituo swali hili, tena kwa adabu: je, mnaweza kuwasomesha watoto hawa wakiwa nyumbani? Vipo vituo vya kanisa vinavyofanya hivyo, vinalipa gharama za shule na kumtembelea mtoto kwa mlezi wake. Fedha ya kumlisha, kumlaza na kumlipia mlinzi na mpishi mtoto mmoja kituoni ingeweza kumshika mtoto huyo na ndugu zake wote chini ya paa lako. Wakijibu kwamba msaada upo kwa atakayehamia tu, basi mmejua kwamba kilichotangulia kwao ni kujaza vitanda.

Mimi ni Mkristo, nimelelewa na Kanisa la Anglikana kule Muheza, na nisingependa usome haya ukadhani nalaumu kazi ya makanisa. Pwani hii inaijua kazi hiyo tangu zamani. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wengi wa waliowalea ni watoto waliokombolewa utumwani, na masista waliotoka kisiwa cha Réunion wakawalea wasichana. Watoto wale walikuwa wametekwa bara, wamevushwa maporomoko na nyika, hawajui hata njia ya kurudia kwao. Kwa mtoto wa namna ile nyumba ya misheni ilikuwa uhai. Leo pia wapo wasichana ambao kituo ni uhai kwao: aliyeharibiwa na mtu wa nyumba yake mwenyewe, aliyetaka kuozwa akiwa na miaka 14, mwenye ulemavu aliyefungiwa chumbani, aliyeokotwa stendi na hakuna anayemdai. Nimewapeleka wasichana kama hao kwa masista kwa mikono yangu na ningewapeleka tena kesho. Wako hawako hivyo. Wana mama mdogo, wana bibi anayewalilia.

Juu ya Lushoto, pale Irente, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ina kituo cha watoto wachanga ambao wengi wao mama zao walifariki. Wanalelewa katika ule umri ambao ndugu hawana maziwa wala namna ya kumhudumia kichanga, na lengo ni kuwarudisha kwa ukoo wao wakishapata nguvu. Huo ndio ukristo ninaoupenda katika jambo hili, unaomsaidia mtoto huku ukijua ana kwao. Pima na hao waliokuja kwako kwa kipimo hicho. Waulize: katika wasichana mliowapokea, wangapi wamerudi kwa ndugu zao, na mliwaandaaje? Kituo ambacho hakijawahi kumrudisha hata mmoja, wakati wengi wao wana ndugu, kinahitaji maswali zaidi.

Lipo jambo ambalo hukuliuliza nami sitalipita. Huyo mvulana wa miaka 5. Mama amekufa, baba hayupo, na sasa dada zake wawili, mmoja ambaye bila shaka ndiye anayemwogesha na kumfunga vifungo vya shati, wanaondoka kwa gari la watu asiowajua. Kwa mtoto wa umri huo hiyo ni misiba miwili ndani ya mwaka mmoja. Mwongozo ule nilioutaja unataka ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe ila kwa sababu nzito inayowalinda wao wenyewe. Kituo cha wasichana watupu kina sababu zake, na ni za haki, lakini sheria yao ya mlangoni isiwe ndiyo inayopasua ukoo wako. Huyu wa miaka 8 naye ni mdogo mno kwa safari hiyo. Kwake jibu langu ni hapana, abaki na kaka yake nyumbani.

Mkubwa ndiye mwenye hoja. Mwaka ujao ni kidato cha kwanza, na kwa ninavyoyajua maeneo ya ng'ambo ya mto, sekondari inaweza kuwa mwendo mrefu kwa miguu, alfajiri na jioni. Msichana wa miaka 14 anayetembea kwenye barabara ya mashamba ya mkonge akiwa na njaa, hakosi mtu wa bodaboda wa kumwambia panda nikusogeze, na mdogo mdogo lifti inakuwa deni. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, na tangu Novemba 2021 waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi shuleni. Yote mawili ni mema na yote mawili humfikia binti akiwa ameshaumia. Kwa hiyo mtafutieni mahali salama pa kulala karibu na shule. Kwanza ulizeni kama sekondari aliyopangiwa ina hosteli na gharama yake ikoje. Pili, yupo ndugu Tanga mjini au Muheza wa kuaminika? Namaanisha wa kuaminika kweli, si wa kumgeuza mtumishi wa ndani asiyelipwa. Hayo yakishindikana, kituo kile kinaweza kuwa bweni lake la muhula, na likizo anarudi kwenu. Hapo nitaunga mkono.

Ila kabla hajaenda, nenda wewe. Usiende siku waliyokupangia peke yake. Ukiweza rudi na siku nyingine. Omba kwanza cheti cha usajili wa makao ya watoto, maana chini ya Sheria ya Mtoto na kanuni zake hakuna anayeruhusiwa kufungua makao bila kibali cha ustawi wa jamii. Anayekuambia usajili upo njiani, mwambie nawe utasubiri njiani. Ukishaiona karatasi hiyo, waache waoneshe ukumbi na picha za wageni, kisha uombe kuona bweni, choo na jiko. Nani analala na wasichana usiku, na mlinzi wa kiume anaishi upande gani? Mlango wa bweni unafungwaje, na moto ukitokea unafunguliwaje? Akiingia hedhi anapata pedi kwa nani, au anaomba kwa mwanaume? Mlezi mmoja ana watoto wangapi, na amekaa pale muda gani? Hili la mwisho lina uzito kuliko rangi za ukuta. Mtoto aliyefiwa na mama akizoeshwa walezi wanaobadilika kila baada ya miezi michache, na wageni wa kujitolea wanaokuja wiki tatu wakaondoka na kumwachia pipi, anajifunza kwamba watu wote hupita.

Tazama watoto wadogo watakavyokupokea. Wageni husifu wanapovamiwa getini na watoto wanaowakumbatia na kuwakalia mapajani. Husema watoto wana furaha. Mtoto aliyelelewa vizuri humwangalia mgeni kwa mbali kwanza, akajificha nyuma ya mlezi wake, akasogea akishazoea. Anayemkumbatia kila aingiaye mara nyingi hana wake. Nilikuwa nikikagua kituo naangalia hilo kabla ya kufungua daftari la mahudhurio.

Uliza pia wasichana waliotimiza miaka 18 wako wapi leo, na uombe kuzungumza na mmoja wao. Wapo waliokuwa wauguzi na walimu, na nawaonea fahari. Wapo pia waliofungua macho siku ya kutoka wakakuta hawajui kupanga bei sokoni, hawajui lugha ya bibi yao, hawana mtu wa kumwomba chumba cha kulala usiku mmoja. Kingereza walikuwa nacho. Kwa hiyo masharti yangu ni kwamba simu ipigwe kila wiki, muweze kumtembelea bila kuomba kibali cha mbali, aje likizo zote, na harusi na misiba ya ukoo aitwe kama watoto wengine.

Kuhusu dini, bibi hana makosa kulia, msimnyamazishe. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataka mtoto anapolelewa nje ya familia malezi yake yasikatwe na dini, utamaduni na lugha yake. Hata kafala ya Kiislamu, yaani kumlea mtoto wa mwingine bila kumwondolea ukoo wake, imetajwa humo kwa jina. Mwongozo wa 2009 unakwenda mbali zaidi: mtoto asishawishiwe kubadili dini akiwa chini ya malezi hayo. Kituo cha kanisa kitasali asubuhi na jioni, hiyo ni nyumba yao na ndiyo imani iliyowafanya wawaonee watoto huruma. Lakini wanaweza kumpa nafasi ya kuswali, kumwachia Ramadhani yake, kutomlisha asichokula, na kumruhusu mwalimu wa madrasa wa karibu amtembelee. Waombe waliandike hilo. Nimewaona masista waliokuwa wakimwamsha daku binti wa Kiislamu kwa mikono yao, na nimeona mahali ambapo jina la mtoto lilibadilishwa ndani ya mwezi. Wakikataa kuandika, binti asiende, hata kama shule yao ina maabara nzuri namna gani. Mimi Mkristo ndiye ninayekuambia hivyo, kwa sababu imani inayonunuliwa kwa sahani ya wali kwa mtoto aliyefiwa na mama haimpi Mungu utukufu.

Picha nazo ziandikwe. Mfadhili huomba kuona mtoto anaendelea vipi, na barua na ripoti ya shule vinatosha. Picha ya binti na kisa cha mama yake kusambazwa mitandaoni ni jambo jingine, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Una haki ya kusema hapana kwenye picha na ndiyo kwenye shule.

Jambo la minazi sikuliona kwenye barua yako, lakini Pangani naijua. Kama dada yako aliacha shamba, kiwanja au hata nusu ya nyumba, ukoo ukae, msimamizi wa mirathi apatikane kupitia mahakama ya mwanzo, na sehemu ya kila mtoto iandikwe. Sheria ya Mtoto inakataza kumnyima mtoto mali ya mzazi wake. Watoto waliopelekwa vituoni husahaulika upesi kwenye kugawana, watu wakisema wale wana wazungu wao.

Na binti mwenyewe amesemaje? Ana miaka 13, sheria inampa haki ya kutoa maoni yake katika jambo linalomhusu, na barua yako nzima haina neno lake hata moja. Mkae wawili bila mjomba wala baba mdogo, jikoni mkimenya muhogo hivi, umuulize anaogopa nini na anatamani nini. Akikwambia anataka kuondoka sana, tena haraka, usifurahi upesi. Muulize kwa upole kuna nini hapa nyumbani kinachomkimbiza. Likitokea jambo la kumhusu mtu mzima, nenda dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga 116, simu ya kumsaidia mtoto, haina malipo.

Swali lako la mwisho: watakurudishia? Kuwapa malezi si kuwapa mtoto. Kifungu cha kukuzuia kumtoa mpaka miaka 18 hakina nguvu ya amri ya mahakama, na wewe usikubali kiwepo. Njia sahihi ni hii: kumpeleka kupitie kwa afisa ustawi wa jamii wa Halmashauri ya Pangani, afanye uchunguzi wake nyumbani kwako, aandike mpango wa malezi unaotaja kwa nini anakwenda, kwa muda gani, na lini mtakaa tena kuutazama. Mpango huo muusaini wote watatu, wewe, kituo na afisa, na nakala moja ibaki mkononi mwako. Ukitaka arudi, unakwenda kwa afisa huyohuyo, na kituo kikikataa yeye ndiye mwenye mamlaka ya kulishughulikia. Nenda na kadi za kliniki za watoto, vyeti vyao vya kuzaliwa kama vipo, cheti cha kifo cha dada yako, namba yoyote ya mwisho ya baba yao, na hiyo fomu. Fomu mpe afisa aisome kabla hujawarudishia wenyewe.